Chuma kisimame chenyewe: namna ya kuchora viungo vya chuma ukimfikiria fundi aliye juu

Hapa Dar es Salaam maghorofa tunayajenga kwa zege. Chuma tunakutana nacho kwenye magodauni ya Barabara ya Nyerere, Chang'ombe, Kurasini na Mbagala, kwenye mapaa ya vituo vya mafuta, kumbi, na vile vighorofa vya ndani ambavyo wenye stoo huongeza ili mzigo upate pa kukaa. Ni majengo ya kawaida, na pengine ndiyo maana michoro yake hupita haraka. Mhandisi anapiga hesabu ya jengo lililokamilika, mchoraji anachukua viungo vilivyomo kwenye programu, karakana inakata. Ile siku ya katikati, nguzo tatu zimesimama, boriti moja inaning'inia na upepo wa bahari wa mchana umeanza kuvuma, haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Mwongozo huu ni wa mchoraji na mhandisi kijana anayetoa michoro ya karakana na ya kusimika. Kila kiungo unachochora kiulize swali moja: kreni ikiachia, kipande hiki kinashikwa na nini? Kama jibu ni "fundi atakuwa amekishika", mchoro bado haujaisha.

Neno kuhusu sheria kabla hatujaanza. Kwetu ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Vipimo kadhaa nitakavyovitaja hapa nimevitoa kwenye kanuni za kusimika vyuma zilizotolewa mwaka 2001 na OSHA nyingine, ile ya Marekani, kwa sababu zinaingia mpaka kwenye idadi ya boliti. Si sheria yetu, lakini chuma hakina uraia. Zichukue kama kiwango cha chini cha kuanzia.

Hatua ya 1: Nenda kiwanjani kabla hujafungua kompyuta

Angalia lori litaingilia wapi na kreni itasimama wapi. Viwanja vyetu vingi vimebanwa: ukuta wa jirani upande mmoja, nyaya za TANESCO upande wa pili, na udongo ambao masika ikiingia haubebi hata pikipiki. Hapo ndipo urefu wa vipande unapoamuliwa. Vyuma vingi vinauzwa kwa mita 12, na kontena la futi 40 nalo linachukua karibu urefu huohuo, kwa hiyo kuna kishawishi cha kuacha kipande kiwe kirefu kadiri kinavyopatikana. Usikubali mpaka ujue kreni itakifikia vipi.

Kisha andika uzito wa kila kipande kwenye mchoro wake. Hesabu ni nyepesi: boriti ya 305×165×40 ina kilo 40 kwa kila mita, hiyo namba ya mwisho ndiyo uzito wenyewe, kwa hiyo mita 12 ni kilo 480 kabla ya pleti na boliti. Pleti ya milimita 20 ni kilo 157 kwa mita ya mraba. Usipoandika, msimamizi wa kreni atakadiria kwa macho, na kadiri kreni inavyonyoosha mkono wake ndivyo makosa ya kukadiria yanavyokuwa ghali. Kipande kisicholingana pande zote kiwekee alama mahali pa kufunga mkanda wa kuinulia, au kitobolee tundu la kuinulia kabisa.

Hatua ya 2: Kitako cha nguzo, boliti nne

Chuoni tulifundishwa kwamba nguzo yenye kitako cha bawaba, yaani kinachohesabiwa kama kinaweza kuzunguka, inachorwa na boliti mbili, zikiwa kwenye mstari wa katikati. Kwenye hesabu ya jengo lililokamilika hakuna tatizo. Lakini asubuhi ya kusimika, nguzo ya mita 8 ikishafunguliwa mnyororo, boliti hizo mbili ndizo familia yake yote. Fundi akipanda ngazi kwenda kufungua mkanda, uzito wake uko pembeni ya mstari huo, na nguzo haina cha kuizuia isipinduke.

Chora boliti nne, zitanuke kuelekea kona za pleti. Bado unaweza kukihesabu kitako kama bawaba. Boliti mbili za nyongeza haziharibu hesabu yako, na gharama yake ni ndogo kuliko chai ya mafundi wa wiki. Kanuni ya Marekani inataka boliti nne kwa kila nguzo, na kitako chote, pamoja na msingi wake, kiweze kubeba pauni 300 (kama kilo 136) zikining'inia sentimita 46 nje ya uso wa nguzo, upande wowote. Huyo ni fundi mmoja mnene na mkoba wake wa vifaa, akiwa amejinyoosha kufikia kitu. Fanya hesabu hiyo, haichukui dakika kumi.

Sasa boliti zenyewe. Zikishamwagiwa zege hazirudi. Chora kiolezo cha plaiwudi au bati nene lenye matundu yale yale ya kitako, na uandike kwamba boliti zifungwe kwenye kiolezo kabla ya kumwaga. Hata hivyo zitasogea kidogo, kwa hiyo matundu ya pleti ya kitako yawe mapana kuliko yale ya kawaida, na juu yake iwekwe washa nene ya pleti inayofunika tundu vizuri. Ukichora tundu la kubana, unajua kitakachotokea: nyundo ya kilo tano itapinda boliti, au mtu atawasha gesi na kupanua tundu kwa moto. Vyote viwili hufanyika wewe ukiwa ofisini.

Acha nyuzi za boliti zichomoze vya kutosha kuweka nati ya chini ya kusawazishia, pleti, washa na nati ya juu, na bado zibaki nyuzi kadhaa. Agiza zifunikwe kwa grisi na nailoni mpaka siku ya kusimika, maana hewa ya chumvi ya huku kwetu, hasa Kigamboni na Msasani, haisubiri. Na kwenye mchoro andika wazi: nguzo isisimamishwe kabla zege la msingi halijafikia asilimia 75 ya nguvu iliyokusudiwa, ithibitishwe kwa vipimo vya maabara. Mwenye jengo atalalamika kwamba kreni imeshakodiwa. Ni afadhali alalamikie karatasi iliyoandikwa mapema kuliko kugombana na msimamizi saa moja asubuhi.

Hatua ya 3: Boliti moja kwa jengo zima, na nafasi ya spana

Chagua kipenyo kimoja na daraja moja (kiwango cha nguvu ya boliti) kwa viungo vikuu. M20, yaani kipenyo cha milimita 20, daraja 8.8 inatosha kwa magodauni mengi. Kama papi za chuma (fito za kushikia mabati) zinahitaji boliti dogo, liwe M16, ili jicho lilitambue. Usichanganye daraja 4.6 na 8.8 kwenye kipenyo kilekile. Alama ya daraja iko kwenye kichwa cha boliti, tarakimu ndogo ndogo, na fundi aliyekaa juu ya boriti na jua la saa saba usoni hatazisoma. Atatia mkono kwenye mfuko wa kiunoni na kutoa kilichopo. Punguza na idadi ya urefu pia. Aina mbili au tatu zinatosha, hata kama nyingine zitachomoza kidogo kuliko ulivyopenda.

Halafu nafasi. Nati ya M20 ina upana wa milimita 30 kutoka ubavu hadi ubavu, na soketi inayoivaa kwa kawaida huzidi milimita 40. Hesabu ya nguvu itakuruhusu kusogeza boliti karibu sana na flenji (bawa la juu au la chini la boriti), na karibu sana na mshono wa kuchomelea, kisha programu itakupa alama ya kijani. Programu haina mkono. Mimi kwa M20 naacha milimita 40 kutoka katikati ya boliti hadi kizuizi chochote, na mbele ya kichwa naacha nafasi ya kuingiza boliti yenyewe kwa urefu wake. Hili la pili ndilo husahaulika: tundu lipo, nati ina nafasi, lakini boliti haiingii kwa sababu kuna ubavu wa kuimarishia umekaa sentimita nne nyuma yake.

Litazame kwa karibu. Fundi amekaa amepanda boriti, mguu huku na mguu huku. Mkono wa kushoto umeshika kichwa cha boliti kwa nyuma, ambako haoni. Wa kulia una spana, na spana inazunguka robo ya robo tu kabla ya kugonga flenji. Anaitoa, anaigeuza, anarudisha. Kila mara anapoitoa anaegemea mbele zaidi ili aone. Boliti ambalo lingefungwa kwa nusu dakika linamla dakika tano, na dakika zote hizo ameinama kuelekea nje. Halafu simu inapigwa ofisini: "Injinia, shikamoo, hii nati ya kiungo cha pale kona spana haizunguki, tuchomelee tu?" Hilo "tuchomelee tu" limezaliwa kwenye mchoro.

Hatua ya 4: Boriti mbili, boliti zilezile

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii.

Kwenye vighorofa vya ndani na majukwaa ya mashine, boriti mbili mara nyingi hukutana kwenye weba (ukuta wa katikati) ya nguzo, moja kila upande, au zinakutana kwenye weba ya boriti kubwa. Mchoro wa kawaida unaweka pleti ya mwisho kwenye kila boriti, na boliti moja inapita kote: pleti, weba, pleti, nati. Kwenye karatasi ni nadhifu, matundu machache, boliti chache.

Sasa isimike. Boriti ya kwanza imeshafungwa, kreni imeondoka, pengine kuna fundi amekaa juu yake. Kreni inaleta ya pili upande wa pili. Ili iingie, boliti za kwanza lazima zifunguliwe nati, zirudishwe nyuma, pleti ya pili ipachikwe, kisha zisukumwe tena kupita vyote vitatu. Kwa muda huo boriti ya kwanza haina kitu. Mafundi wenye uzoefu hufungua boliti moja moja na kutumia pini ya kulinganishia matundu. Lakini boriti ya pili ikigonga nguzo inapoingia, au upepo ukiigeuza kidogo kwenye mkanda, ile ya kwanza inashuka na aliye juu yake.

Kanuni za Marekani zinataka angalau boliti moja la boriti ya kwanza libaki limefungwa kwa spana wakati wote, au kuwe na kiti cha kuikalisha. Kwa mchoraji kuna njia tatu.

Njia ya kwanza, kiti. Chomelea karakanini kipande cha engo (chuma cha umbo la L) kwenye nguzo, chini ya mahali boriti itakapokaa, chenye tundu la boliti la kuishikia. Boriti ya kwanza inakalia kiti, na hata boliti zake za pembeni zikifunguliwa haina pa kwenda. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inampa fundi mahali pa kutua mzigo kabla hata hajatafuta matundu. Mwenye fedha akiuliza kile kipande cha engo ni cha nini, mwambie ni cha kuokoa muda wa kreni.

Njia ya pili, kata kona ya pleti. Pleti ya boriti ya pili iwe fupi kwa kona moja, ili boliti moja la boriti ya kwanza lipite kwenye weba na kufungwa bila kuguswa na pleti ya pili. Hakikisha boliti zinazobaki zinabeba mzigo wote.

Njia ya tatu, tenganisha kabisa. Boriti moja ifungwe kwa pleti ya pembeni iliyochomelewa kwenye nguzo, na nyingine iwe na boliti zake pekee. Kama boriti hazilingani kimo, mara nyingi inawezekana bila gharama yoyote.

Fungua modeli yako, tafuta kila mahali boliti moja linapita vyuma vitatu, na upitie moja moja. Kwenye jengo la kawaida havizidi vya kuhesabika jioni moja.

Hatua ya 5: Boriti itaingiaje?

Boriti yenye pleti za mwisho zikibana kati ya nguzo mbili zilizokwisha kukazwa haiingii. Lazima mtu avute nguzo kwa waya au kupiga nyundo, na yote hayo yanafanyika juu. Ifupishe kidogo, na andika vipande vya kujazia pengo vya milimita 2 na 3. Matundu nayo yana nafasi yake ya kawaida, milimita 2 zaidi ya boliti kwa M16 hadi M24, usiibane.

Pleti ya pembeni inamrahisishia fundi kwa sababu boriti inasukumwa kutoka ubavuni na boliti linaingia akiwa analiona. Weka pleti za ncha zote mbili upande mmoja wa boriti. Lakini kama hakuna nafasi ya kuisukuma kutoka ubavuni na lazima ishuke kutoka juu, flenji ya chini itagonga pleti. Kata nusu ya flenji ya chini kwenye ncha hiyo, upande wa pleti, kisha ipige hesabu upya. Ukimwachia fundi aikate kwa gesi akiwa juu ya ngazi, ataikata.

Weka alama ya kipande kwenye ncha ileile ya kila boriti, tuseme ya mashariki au ya kaskazini, na uiandike hivyo kwenye maelezo ya jumla. Kugeuza boriti hewani kwa sababu imeinuliwa kinyume ni hatari isiyo na sababu.

Hatua ya 6: Kuchomelea kuhamie karakanini

Kila mshono unaoweza kufanyika chini, ufanyike chini. Juu kuna upepo unaopeperusha gesi ya kukinga mshono, kuna nyaya za umeme zinazoburutwa, na msimu wa vuli na masika kuna maji. Ukibaki na mshono wa juu usiokwepeka, uwe wa kuchomelea kutokea juu kwenda chini, sio fundi alale chali cheche zikimdondokea kifuani. Na kiungo chake kiwe na boliti za kukishikilia kwanza, ili mchomeleaji asifanye kazi kwenye chuma kinachoning'inia kwenye kreni.

Hatua ya 7: Mpe fundi pa kujifunga

Mkanda wa mwili mzima bila pa kuufunga ni pambo. Mafundi hujifunga kwenye chochote kilicho karibu, na mara nyingi kilicho karibu ni papi ambayo nayo imeshikwa na boliti moja. Toboa matundu kwenye nguzo wakati iko karakanini, pale kamba ya usalama itakapopita. Nguzo za pembezoni za vighorofa zipandishe mita 1.2 juu ya sakafu hata kama hesabu haihitaji, na utoboe matundu kwenye sentimita 107 hadi 114 na jingine katikati, waya ya kuzuia kuanguka ipite hapo. Sehemu ya kujifunga mtu mmoja, kwa kipimo cha Marekani, ibebe pauni 5,000, kama kilonyutoni 22. Tundu kwenye weba ya nguzo linalibeba hilo kirahisi. Kipande chembamba cha engo kilichochomelewa haraka hakibebi.

Kilele cha boriti ambacho watu watakitembea kiache wazi. Misumari ya kushikia zege, kwa mfano, ifungwe baada ya mabati ya sakafu kutandikwa. Kona zilizochongoka za pleti zikatwe. Zinachana mikono na zinachana kamba.

Hatua ya 8: Anza na chumba kimoja kilichokamilika

Godauni la fremu linasimama vizuri upande wa fremu na ni dhaifu sana upande mwingine. Fremu ya kwanza ikisimama peke yake haina rafiki. Kwa hiyo mihimili ya mshazari ya ukutani na darini iwe kati ya fremu mbili ambazo msimikaji ataanza nazo, na mchoro useme hivyo kwa namba: nguzo hizi nne, boriti hizi, mishazari hii, yote yakazwe, ndipo kreni isogee. Nimeona michoro mizuri iliyoweka mishazari katikati ya jengo kwa sababu za kihesabu, wakati kreni ilikuwa na njia ya kuanzia mwisho tu. Kwenye hali hiyo ongeza mishazari ya muda mwisho huo, au chora waya za kuvutia na mahali zitakapofungwa: tundu kwenye nguzo kule juu, nanga ya zege kule chini. Neno "mkandarasi ahakikishe uthabiti wakati wa ujenzi" halimpi mkandarasi hata tundu moja.

Boriti ndefu na kenchi vinaweza kupinda ubavuni kabla papi hazijafungwa, hata kama baadaye vitabeba paa zima. Andika papi zipi lazima ziwepo kabla ya kuachia. Kwa kila kiungo cha boriti, boliti zisizopungua mbili zilizokazwa kwa spana kabla ya kreni kuachia. Mishazari inaruhusiwa moja. Na kama jengo litasimikwa kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi ukiwa umekaza, weka kwenye mchoro kasi ya upepo ambayo kuinua kunasimama.

Hatua ya 9: Kabla ya kutia saini

Kwa vyuma vya bomba vinavyopelekwa kuzamishwa kwenye zinki, hakikisha kila bomba lina tundu la kupumulia na la kumwagia. Zinki iko kwenye nyuzi joto zipatazo 450, na bomba lililozibwa pande zote likiwa na unyevu ndani hulipuka kwenye birika. Hapo anayeumia ni fundi wa kiwandani ambaye hamtaonana.

Halafu mpelekee msimamizi wa kusimika seti ya michoro kabla karakana haijakata chuma, si baada. Kaa naye, mpe kalamu nyekundu, mwambie: "Kaka, nisimikie jengo hili hapa mezani, kipande kwa kipande." Atakapofika kwenye kiungo akanyamaza, au akacheka, hapo pazungushie duara. Atakuonyesha vitu ambavyo hakuna modeli inayovionyesha: kwamba mkanda wa kuinulia hautatoka kwa sababu umebanwa chini ya papi, kwamba ngazi haina pa kuegemea, kwamba boliti la kona ya mashariki linafikiwa na mtu wa mkono wa kushoto peke yake. Rekebisha siku hiyohiyo, ubadilishe namba ya toleo la mchoro, na seti ya zamani iliyoko karakanini ichanwe mbele yako.